Fundi Ovyo na Jiko la Karani

Kaka yangu alipewa jina la Fundi Ovyo na watu wasiomjua, kisha wanaomjua wakaliona linamfaa. Mgeni akilisikia hudhani ni fundi wa kulipua kazi. Sivyo. Ni kwamba kila alipofungua mashine ya mtu, kabla hata hajaweka mfuko wa vifaa chini, neno lake la kwanza lilikuwa hilo: "Ovyo." Hakulisema kwa hasira. Alilisema taratibu, kama daktari anayetaja ugonjwa, na mwenye mashine alibaki amesimama pale akijua kabisa kwamba kinachotajwa si mashine.

Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha chakula cha mifugo. Kazi yake ilikuwa kutunza parafujo, vile vyuma virefu vilivyojisokota ndani ya bomba, vinavyozunguka na kusukuma pumba kutoka ghala moja hadi jingine. Alikuwa anaweza kusimama mlangoni, akatega sikio, akakwambia kwamba ya nne kutoka kushoto imeanza kula bomba. Wakienda kuifungua wanakuta ni kweli. Hilo ndilo lililomharibu. Mtu akiwa sahihi kila siku kwa miaka ishirini na miwili, kuishi naye ni adhabu.

Aliwadharau watu kwa mafungu. Fungu la kwanza ni wale wanaoipiga redio kofi ili iongee. La pili ni wale wanaosema "imeacha tu yenyewe," kana kwamba mashine imepata uvivu. La tatu, ambalo aliliweka chini kabisa, ni wale wanaosoma kijitabu cha maelekezo. Yeye aliamini mashine inajieleza yenyewe, na anayehitaji kusomewa habari zake hana masikio.

Kiwandani aliondoka kwa sababu ya mdomo wake. Aliletwa mhandisi mpya, na siku moja mhandisi huyo akawa anawatembeza wageni na kuwaeleza jinsi mitambo inavyofanya kazi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wageni kwamba bwana huyu ameichumbia mashine kwa picha. Wageni walicheka. Mhandisi hakucheka. Mwezi uliofuata kaka alikuwa nyumbani, anatengeneza friji na feni za majirani.

Mkewe naye aliondoka. Nilimfuata kwao kumwomba arudi, nikamkuta anakunja nguo. Aliniambia, "Wifi, hajawahi kuninyanyulia mkono, wala hajawahi kunitukana. Nimechoka kusahihishwa." Mimi nimelelewa na huyo mtu. Tulizaliwa wawili tu, na mpaka leo nikikata kitunguu namhisi amesimama nyuma yangu.

Sasa nieleze kuhusu mume wangu, maana bila yeye hakuna kisa. Mume wangu alikuwa karani wa masjala. Kwa miaka thelathini alipokea mafaili, akayaandika kwenye daftari, akayapanga rafuni, akayatoa yakihitajika. Ni mtu mpole, mwenye kalamu mfukoni hata akiwa na nguo za kulalia. Kaka alimwita shemeji mbele yake, na Karani nyuma yake. Neno karani mdomoni mwa kaka lilikuwa na harufu.

Mume wangu alipostaafu aliamua tuuze kuku wa kuchoma hapo hapo barazani kwetu. Nilidhani angechonga jiko la mkaa kama watu wengine. Yeye akaenda kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, akarudi na jiko la vidonge.

Jiko hilo ni pipa jeusi la chuma lililolala kwa ubavu juu ya miguu minne, na lina kifuniko. Ubavuni lina sanduku. Ndani ya sanduku unamimina vidonge vya mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa vijiti vifupi, vinene kama penseli. Chini ya sanduku kuna parafujo ndogo inayozungushwa na mota ya umeme. Parafujo inavisukuma vidonge kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho katikati ya pipa, humo koili ya umeme inaviwasha, feni inapuliza, kuku anaiva. Unachagua joto kwa kubonyeza vitufe, halafu jiko linajilisha lenyewe. Mume wangu aliona ni muujiza. Kila kitu ndani yake kilikwenda kwa utaratibu, kama masjala.

Kaka alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, mikono nyuma.

"Kwa hiyo umeme ukikatika," alisema, "kuku naye anakaa kusubiri."

Hata hivyo aliinama akaiangalia ile parafujo, na nikamwona uso unalainika. Ilikuwa ndugu mdogo wa zile za kiwandani. Nadhani aliona uchungu kwamba kitu anachokijua kuliko watu wote kimeangukia mikononi mwa mtu wa mafaili.

Miezi ya kwanza tuliuza vizuri. Tulikuwa na meza sita. Mimi nilipokea maagizo dirishani na kutengeneza kachumbari, mume wangu alisimama na aproni nyeupe kando ya jiko. Kisha zikaja wiki za mvua, na jiko likaanza kuzima. Linawaka vizuri, joto linapanda, halafu kuku akiwa nusu mbichi namba zinaanza kushuka, na mwisho ni moshi mwembamba tu. Mume wangu alibonyeza vitufe. Alilizima akaliwasha. Siku ya tatu mota ikaunguruma, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza. Nikampigia kaka.

Alikuja, akatia mkono ndani ya sanduku, akautoa. Kiganja chake kilijaa unga wa mbao wenye unyevu, mzito kama ugoro.

"Ovyo," alisema.

Alifungua parafujo yote akailaza juu ya gazeti. Unga ulikuwa umeganda kati ya meno yake mpaka ikabidi agonge kwa patasi. Kisha akaomba aonyeshwe magunia yanapokaa. Yalikuwa uani, yamesimama juu ya saruji, yameegemea ukuta unaotota mvua. Kaka aliyatazama, na mume wangu akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

Ni haki niseme kwamba somo alilolitoa siku ile lilikuwa zuri. Alichukua kidonge kutoka gunia la ndani na kingine kutoka gunia la chini, akavivunja masikioni mwetu. Cha kwanza kilikatika kwa mlio, pwa. Cha pili kiliachana bila sauti, kama biskuti iliyolala nje. Akasema kidonge kikivuta maji kinavimba, kinarudi kuwa unga, unga unaibana parafujo, na mota inasukuma mpaka inajiunguza. Akasema magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Unga ulioko chini ya sanduku utolewe kila wiki. Mara nyingine vidonge vya juu vinashikana na kuacha pango katikati, parafujo inazunguka bure huku sanduku linaonekana limejaa, kwa hiyo mtu avikoroge kwa mkono. Na kikombe cha moto kisafishwe majivu kila asubuhi, maana majivu yanaifunika koili na moto haushiki. Yote hayo aliyasema akinitazama mimi. Mume wangu aliyaandika.

Kesho yake kaka alirudi na mota aliyokuwa nayo stoo, iliyotoka kwenye mashine ndogo ya kufungia mifuko. Matundu ya skrubu yalilingana, shimo la mhimili lililingana, ikakaa kana kwamba ilizaliwa humo. Mume wangu alikuwa amesimama na kile kijitabu cha maelekezo kilichokuja na jiko. Aliuliza kwa adabu zake zote kama mota hii ina mwendo sawa na ile ya kwanza, kwa sababu kijitabu kinataja idadi ya mizunguko.

Kaka alinyoosha mkono akapewa kijitabu. Akakipindua, akachana kurasa mbili za nyuma, akajifutia grisi vidole kimoja kimoja. Kilichobaki akamrudishia.

"Kimefaa," alisema.

Mume wangu aliziokota zile kurasa mbili chini, akaondoka nazo. Nami, na sijivunii, nilicheka. Ndiyo damu yetu.

Kuanzia hapo jiko halikuzima tena, lakini lilipata ugonjwa mwingine. Joto lilizidi lile lililochaguliwa. Ngozi ya kuku ilikuwa nyeusi kabla mfupa haujapata moto, nyama ikawa na uchungu wa moshi, majivu yakawa mengi mara mbili. Gunia lililokuwa likitufikisha wiki likaisha siku ya tatu. Tulimweleza kaka. Akaja akakaa kwenye kiti dakika ishirini akimtazama tu mume wangu anavyofanya kazi, halafu akatoa hukumu: anafungua kifuniko mno. Kila akifungua, joto linatoka, jiko linadhani limepoa, linajiongezea vidonge. Mtu anayechungulia kuku kila dakika, alisema, ni kama anayefungua barua zisizo zake.

Ubaya wa kaka ni kwamba alichokisema kilikuwa kweli. Mume wangu alikuwa anachungulia sana. Basi akaacha. Alijiwekea saa ukutani, akawa anafungua kila baada ya nusu saa tu. Kikombe alikisafisha kwa brashi ya rangi kila asubuhi kabla ya chai. Magunia yalihamia chumbani kwetu, nikawa nalala na harufu ya seremala. Moshi haukupungua. Na kila tulipomwambia kaka, jibu lilikuwa lile lile, kwamba jiko ni zima, tatizo lina miguu miwili na kalamu mfukoni.

Ofisi ya wapima ardhi iliyo mtaa wa pili ilikuwa inamuaga mkuu wao, wakaagiza chakula cha mchana barazani kwetu siku ya Jumamosi, watu thelathini. Kilikuwa chakula kikubwa kuliko vyote tulivyowahi kupika. Kaka alikuja kama mgeni, akakaa meza ya ukutani.

Saa sita na nusu umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika chache. Moto ulikuwa umekufa. Jiko likaanza upya kujilisha, na parafujo ikamwaga vidonge juu ya kikombe ambacho kilikuwa tayari kimejaa. Rundo likaifunika koili, likafukuta bila kushika. Moshi mweupe mzito ulianza kutoka pembeni mwa kifuniko. Mume wangu aliuona, na namtetea kwamba hakukimbia, alikwenda kuvuta waya ukutani. Hakuwahi. Moshi ule ulishika moto wote kwa pamoja. Kifuniko kilirushwa juu kwa kishindo kama tairi la lori linapopasuka, masizi yakamwagikia meza za mbele, na mume wangu akabaki amesimama na nyusi moja.

Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo. Watu walikuwa bado wanajipangusa mashati kaka alipoinuka. Alikwenda mpaka kwenye jiko, akatazama lile rundo la vidonge, akageuka. Hakupaza sauti, lakini baraza zima lilikuwa kimya na kila mtu alimsikia.

"Shemeji, miaka thelathini umepanga makaratasi. Ungebaki nayo. Yale hata ukiyakosea hayalipuki."

Wengine walicheka. Mkuu mwenyewe alicheka, na masizi yake shingoni. Mume wangu alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani.

Niliwapa waliobaki mkate na kachumbari. Katibu wa ile ofisi, mama mmoja mnene aliyekuwa ameandaa shughuli yote, aliondoka bila kuniaga. Nilipomaliza kufuta meza nilimwambia kaka aende kwake. Aliniuliza kwani amesema uongo gani. Nikamwambia sijui, lakini sasa nimemwelewa wifi yangu. Akaondoka.

Siku tatu mume wangu alikaa kwenye meza ya jikoni na kile kijitabu. Zile kurasa mbili zenye grisi alikuwa amezihifadhi kati ya magazeti, amezipaka unga wa ngano kuivuta grisi, na sasa alizibandika kwa gundi akawa anazisoma mstari kwa mstari, kidole kikienda chini ya maneno. Siku ya nne niliamka nikamkuta kwenye kigoda mbele ya jiko. Sanduku lilikuwa tupu. Kwenye ncha ya mhimili wa mota alikuwa amechora alama kwa chaki, na saa ya ukutani ilikuwa imeegemea mguu wa jiko. Mota ilikuwa inazunguka na midomo yake inahesabu. Alihesabu, akaandika. Akahesabu tena, akaandika tena. Nilimletea chai ikapoa.

Jumatano mchana akanituma nimwite kaka. Kaka alikuja na ule uso wake wa kuja kusamehe watu.

"Shemeji," mume wangu alisema, "naomba uhesabu na mimi."

Akamwonyesha alama ya chaki. Akamweleza kwamba kijitabu kinasema parafujo hii izunguke mara mbili kwa dakika. Kisha akaiwasha mota. Kaka alitabasamu, akasimama mikono nyuma. Ile alama ilipita juu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na dakika bado haijaisha. Tabasamu likabaki pale bila kazi. Mara ya nne. Mara ya tano.

Kaka akasema saa ile ni mbovu. Akatumia yake ya mkononi, akiwa ameinyoosha mbali na uso. Tano. Akarudia. Tano. Maana yake kwa wiki sita jiko letu lilikuwa linalishwa zaidi ya mara mbili ya chakula chake, na yule aliyelaumiwa kwa kila kuku aliyeungua alikuwa hana kosa.

"Namba yenyewe imeandikwa," mume wangu alisema. "Kwenye kibandiko cha mota. Hapa ubavuni."

Kaka aliinama. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena, kichwa kikienda na kurudi kama cha kuku anayetazama punje. Kibandiko hakikuwa kimefutika. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake na nilikuwa naiona ile tano.

Ndipo nilipoelewa. Nikamuuliza ni tangu lini.

"Herufi ndogo, miaka minne," alisema bila kugeuka. "Kubwa bado naona."

Miaka minne. Dharau ya vijitabu alikuwa nayo tangu ujana, hiyo sikatai, lakini katika hiyo minne ilikuwa imempatia mahali pazuri pa kujificha. Nani atamtilia shaka fundi anayechana maelekezo akafutia mikono?

Alibaki ameinama pale, mkono umeishika mota, akasema, "Ovyo." Safari hii kila mmoja wetu alijua anayetajwa ni nani.

Nikiri jambo. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote kumwona kaka akikosea, na nilipomwona nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu kama muda wa kumimina chai. Baada ya hapo nilitazama mabega yake nikatamani mtu aseme chochote. Mume wangu alikuwa na haki ya kusema. Angeweza kumwambia lile neno la makaratasi, neno kwa neno, na mimi ningemshikia mkoba. Yeye akafunga daftari lake.

"Basi tutafute mota," alisema.

Nadhani kaka angependelea kutukanwa. Alikusanya vifaa vyake polepole. Mlangoni aliniuliza siku ile ya Jumamosi alimwambia nini shemeji, maneno yenyewe hasa. Nikamwambia. Akauliza kama wote walisikia. Nikamwambia wote, hata waliokuwa bado wananawa.

Kesho yake asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi akaenda ofisi ya wapima ardhi. Sisi hatukujua. Nilisimuliwa na yule mama katibu alipokuja wiki iliyofuata kuagiza tena. Alisema mzee mmoja aliingia, akasimama mbele ya kaunta, salamu hakukaa nayo sana, akasema amekuja kuhusu jiko lililolipuka. Akasema mwenye jiko alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, ila jiko lilifungwa mota na mpumbavu asiyejua kusoma kibandiko.

"Nikamuuliza kama mpumbavu huyo bado mnamtumia," yule mama alinieleza. "Akaniambia ndiyo, ni mimi. Halafu akaaga akaondoka."

Mota yenye mwendo sahihi haikupatikana madukani. Mwishowe kaka aliichukua ile ya kwanza iliyoungua akaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, akasimama juu ya kichwa chake kuanzia waya wa kwanza. Alifukuzwa mara moja, akakaa nje kwenye ndoo akaendelea kutoa maoni kupitia dirishani. Siku tuliyoifunga, mume wangu alichora chaki na kaka akashika saa. Mbili kamili. Kuku wa kwanza alitoka na rangi ya asali, na sikusikia mtu akisifiwa, ila kaka alikula mapaja mawili.

Kisha akaenda kupimwa macho, akarudi na miwani. Ilikuwa balaa. Siku ya kwanza aliniambia nyumba yangu ina vumbi, na kwamba nimezeeka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliandika orodha ya kila nyumba aliyoifanyia kazi kwa miaka ile minne, akazipitia moja moja, akabisha hodi, akaomba afungue tena alichokifunga. Wengine walidhani amekuja kuiba. Alikuta waya mbili zilizopishana katika pasi ya ushonaji ya mjane mmoja, feni iliyofungwa kwa skrubu isiyo yake, na friji iliyokuwa inafanya kazi kwa huruma tu. Vyote alivitengeneza upya. Kwa kila nyumba neno lilikuwa lile lile, na wenye nyumba, maskini, wakadhani bado wanasemwa wao.

Kwa mkewe alikwenda pia. Hakurudi naye, wala sitadanganya kwamba atarudi. Alikaribishwa chai. Aliniambia kwamba mlango wa kule una bawaba inayolia, na kwamba alikaa saa nzima akiisikiliza bila kusema neno. Aliniambia hivyo akisubiri nimpongeze. Nilimpongeza.

Tukadhani mambo yamekwisha, mpaka mwezi uliopita jiko likaanza tena kusuasua. Joto linashuka, linapanda, linashuka. Safari hii hakuna aliyemlaumu mtu. Mume wangu alifungua daftari lake, anakoandika tarehe ya kila gunia, akaona shida imeanza na mzigo mpya. Kaka alipepeta vidonge kwenye chekecheo langu la unga, nusu vikapita chini. Asubuhi hiyo hiyo wakaondoka pamoja kwenda kwa muuzaji, kwenye karakana ya mbao. Nami nikawafuata, kwa sababu sikutaka kusimuliwa.

Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, amekaa ndani ya chumba chenye kalenda tatu. Aliwasikiliza huku akisoma simu. Akasema vidonge vyake havina tatizo, huenda hawajui kutumia jiko.

Niliwatazama wanaume wangu wawili. Hawakuangaliana. Kaka aliisogeza glasi ya maji iliyokuwa mezani kwa yule bwana, akadondosha kidonge kimoja ndani. Tukasubiri. Kidonge kizuri kikiingia majini kinafumuka kuwa unga safi wa mbao. Hiki kilifumuka, na kutoka ndani yake vikaelea vipande vya rangi ya bluu, vya gundi, na kitu kama kona ya fomika.

"Hiki kilikuwa kabati," kaka alisema.

"Gunia la tarehe tisa," mume wangu alisema, akifunua ukurasa. "La tarehe kumi na sita lilikuwa mlango. Tulikuta hadi kipande cha bawaba. Nimekuja nacho."

Akakiweka mezani, taratibu, kama anayekabidhi faili. Yule bwana akaweka simu chini. Akajaribu kusema wasambazaji wake, mashine yake, wafanyakazi wake. Kaka alimuuliza kama hiyo mashine huwa anaiona au anatumiwa picha. Mume wangu akamuuliza kama wafanyakazi hao wana majina, maana angependa kuyaandika. Sijawahi kuona mtu anadharauliwa kwa utaratibu kiasi kile, mmoja akifungua na mwenzake akifunga. Magunia tulibadilishiwa yote, ya mti mtupu, na yule bwana akayapakia mwenyewe na viatu vyake vile.

Tulipofika nyumbani wakakaa barazani, wakaanza upya tangu mwanzo. Kaka akaigiza sauti ya muuzaji, mume wangu akamsahihisha, kaka akakubali kusahihishwa. Wakaichambua karakana nzima, kalenda zake, namna mbao zake zilivyopangwa juani. Mume wangu alisema rafu za bwana yule zingemfukuzisha kazi mtu wa masjala siku ya kwanza, na kaka akacheka mpaka akavua miwani. Wateja wa mchana walikuwa wameshaanza kukaa mezani. Niliwaita mara mbili, hakuna aliyesikia. Nikavaa aproni, nikakoroga vidonge kwa mkono, nikawasha jiko mwenyewe.